Safari ya Saa Moja

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewafanyia waja wake wepesi katika dini yao. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Limezagaa neno katika mabaraza ya mwambao, nalo husemwa na watu wenye akili zao, kwamba rukhsa za safari zilikuwa za watu wa ngamia na majahazi. Ama huyu apandaye ndege Mombasa asubuhi, akaletewa kahawa angani, na kabla hajaimaliza akaambiwa afunge mkanda kwa kuwa Nairobi imefika, huyo hakusafiri. Amepelekwa tu kama ipelekwavyo barua. Basi vipi ataisali Adhuhuri rakaa mbili? Na wengine huongeza kwa kicheko wakasema kwamba mwenye kustahiki rukhsa ni hamali aliyempakilia mizigo yake, kwani huyo ndiye aliyetoka jasho.

Neno hili halifai kupuuzwa, kwani ndani yake limo swali kubwa kuliko sala ya mtu mmoja. Safari ni nini? Ni njia, au ni tabu ya njia? Na tabu ikiondoka, njia ikabaki, hukumu hufuata lipi katika mawili hayo?

Kwanza na itazamwe njia yenyewe. Kati ya kiwanja cha ndege cha Mombasa, kilichoko upande wa Changamwe ng'ambo ya Makupa, na kiwanja cha Nairobi kilichoko Embakasi, pana kadiri ya kilomita 420 kwa mstari ulionyoka. Ndege huzikata kwa muda usiotimia saa moja. Zamani misafara ya miguu ilizikata kwa majuma, na katika nyika ya Taru watu walikufa kwa kiu. Kisha ikaja reli, iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Nairobi mwaka 1899, na abiria wake akawa hulala njiani usiku mmoja. Tangu mwaka 2017 pana reli nyingine, na mwenye kuipanda hufika kwa muda wa saa tano au sita. Katika zama zote hizo nchi haikufinywa hata shubiri moja. Nyika ya Taru iko pale pale, na upana wake ni ule ule. Lililobadilika ni chombo.

Na huo muda unaotajwa wahitaji maelezo kidogo, kwani watu hudanganyika nao. Saa iliyoandikwa katika tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka mahali iliposimama kupakia watu hata inapokwenda kusimama mahali pa kuwashusha. Haimhesabii abiria alipoagana na watu wake, wala aliposimama safu kwa safu mizigo ikipimwa na viatu vikivuliwa, wala alipokaa garini Nairobi katika msongamano wa magari. Mwenye kutoka nyumbani kwake Mji wa Kale baada ya Alfajiri huenda akaingia katika shughuli yake Nairobi saa nne za mchana. Basi mwenye kusema kwamba amekwenda Nairobi kwa dakika hamsini ameisema kweli ya ndege, hakuisema kweli ya nafsi yake. Lakini jawabu halitategemezwa juu ya jambo hili, kwa kuwa lau kesho itapatikana njia ya kumtoa mtu kitandani Mombasa na kumweka kitini Nairobi kwa kupepesa jicho, hukumu haitabadilika.

Na dalili ya kuwa haitabadilika ni kwamba wanazuoni waliijibu mas'ala hii kabla ya kuwako ndege. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, nao ni mwaka 1277, ameeleza katika Minhaj, kitabu kilichosomeshwa vizazi kwa vizazi katika mwambao huu, kwamba bahari huhesabiwa maili zake kama zihesabiwavyo za bara, na kwamba mwenye kuzikata maili hizo baharini kwa saa hupunguza sala kama mwingine. Msomaji na atambue ya kuwa neno saa katika lugha ya vitabu vile si dakika sitini za majira ya leo. Saa ni kitambo, punde ya wakati. Basi Imam amefaradhi chombo chenye kasi ambacho hakuna mtu wa zama zake aliyekiona, kisha akahukumu. Ndege ya kwanza yenye mtambo iliruka Marekani mwaka 1903, miaka 600 na ushei baada ya kufa kwake, nayo ikakuta hukumu yake imekwisha kuandikwa, na wanafunzi wa Lamu na Unguja wanaihifadhi.

Ikiulizwa: Kwa nini? Je, rukhsa haikuwekwa kwa ajili ya mashaka? Huambiwa: Ndiyo, mashaka ndiyo hekima yake. Lakini katika elimu ya usuli hekima ni kitu kimoja, na illa, yaani ile sababu iliyofungwa hukumu, ni kitu kingine. Illa hutakiwa iwe ni jambo lililo dhahiri na lenye kudhibitika, lisilogeuka kwa kugeuka watu. Safari ni jambo dhahiri: mtu ametoka kwao, na masafa yake hupimika. Ama mashaka, nani ayapimaye? Kijana wa miaka ishirini hulala fofofo katika kiti ambacho mzee wa sabini hukikalia magoti yakimuuma. Yuko mtu ambaye ndege ikitikisika kidogo mawinguni huuma ulimi, na pembeni yake mwingine anasoma gazeti. Lau sheria ingemwambia kila mtu ajipimie mashaka yake mwenyewe, mwenye takwa angejinyima rukhsa hata akajidhuru, na mvivu angejipa rukhsa hata kwa kwenda sokoni. Kila msikiti ungekuwa na ugomvi wake. Basi Mwenye kuweka sheria akaifunga hukumu katika jambo linaloonekana, na rehema yake ikawafikia wenye tabu pamoja na wasio na tabu.

Wanazuoni wa usuli hupiga mfano wa mfalme asafiriye katika starehe zake zote, akibebwa, akipepewa, nao husema kwamba hupunguza sala. Na mfano wa mwenye kazi nzito mjini kwake, achukuaye mawe mgongoni kutwa, nao husema kwamba hapunguzi. Mfano huu ndio ule wa abiria na hamali. Anayeusikia mara ya kwanza huona uzito moyoni, wala si vibaya kuona uzito, kwa kuwa moyo uliomwonea huruma hamali ni moyo mzima. Lakini na azingatie. Hamali hakuachwa bila ya wepesi. Amepewa wepesi wa mlango mwingine. Akiugua atasali kwa kukaa, na akikosa maji atatayamamu. Akizidiwa katika mchana wa Ramadhani kwa kazi asiyoweza kuiacha, hata akachelea madhara, atafungua na atalipa. Tabu yake ina milango yake. Mlango wa safari umewekwa kwa msafiri, na mwenye kusimama nje ya mlango huu hakudhulumiwa kwa kuwa jirani yake ameingia.

Na iko habari iliyomo katika Sahihi ya Muslim ambayo yatosha kuwatuliza wenye shaka. Aya ya 101 ya Suratun Nisaa imetaja kupunguza sala katika safari, ikataja pamoja nako hofu ya adui. Yaala bin Umayya akamuuliza Sayyidna Umar, Mungu amwie radhi, kwamba watu sasa wamekwisha kupata amani, basi inakuwaje? Umar akamjibu kuwa yeye naye alilistaajabia hilo hilo, akamuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, naye akajibu kuwa kupunguza huko ni sadaka Mwenyezi Mungu aliyowapa waja wake, na akawataka waipokee sadaka yake. Tazama: hofu iliyotajwa iliondoka, na rukhsa ikabaki, kwa sababu Karimu haombi kurudishiwa alichotoa pindi haja ya mpokeaji inapopungua. Basi arukaye kwa saa moja ana nini cha kuona haya?

Hapo huenda mtu akafurahi, akadhani kuwa kila apandaye ndege ni msafiri. La. Kama kasi ya ndege haiivunji safari, basi na ndege yenyewe haiumbi safari. Mizani ni masafa.

Masafa ya kupunguza sala katika madhehebu ya Imam Shafi ni marhala mbili, nazo ni farsakhi 16, sawa na maili 48 za Kihashimu. Wamepokewa Ibn Umar na Ibn Abbas kuwa wakipunguza sala katika kadiri hiyo. Wahesabuji wa leo walipozigeuza kuwa kilomita wamehitilafiana: wako wasemao kilomita 81 au zaidi kidogo, na wako wafikao karibu na 89. Sasa na ichukuliwe ndege ya Unguja na Dar es Salaam. Kati ya viwanja vyao viwili pana kadiri ya kilomita 73. Ndege haikai hewani ila kama dakika ishirini, lakini abiria wake amepekuliwa, amepimiwa mzigo, amekaa chumba cha kungojea, ameruka juu ya bahari na kushuka ng'ambo. Kwa macho ya watu huyo ni msafiri kamili. Kwa hesabu, hakutimiza marhala mbili. Mkazi wa mjini Unguja akikusudia Dar es Salaam peke yake, sala yake ni rakaa nne, na saumu yake ni saumu ya mtu aliyeko kwao.

Mtu mwerevu aweza kupinga kwamba ndege haiendi kwa mstari ulionyoka. Huruka kwa kuuelekea upepo, huzunguka, hufuata njia zake za hewani, na pengine huzungushwa juu ya bahari ikingojea zamu ya kutua, basi huenda njia yake ikafika 81. Pingamizi hili lina haki yake, kwani vitabuni imo mas'ala ya mwenye njia mbili, ndefu na fupi: akiishika ndefu kwa makusudi ya haki, kama usalama au wepesi, hupunguza, akiishika kwa ajili ya kupunguza tu, hapunguzi. Lakini abiria hajui ndege yake itapita wapi leo, na mzunguko wa kungojea zamu si njia ambayo mtu ameikusudia. Mpaka wa marhala mbili, kwa kauli iliyo sahihi, ni mpaka uliokatwa, si wa kukisia. Na mwenye shaka juu ya masafa hurejea katika asili, na asili ni kutimiza. Wallahu aalam.

Na hapa pana jambo la kustaajabisha. Katika ndege hiyo hiyo ya dakika ishirini, huenda wamekaa watu wawili bega kwa bega. Mmoja ni wa Malindi ya Unguja, na mwingine ni wa Nungwi, aliyetoka kwao asubuhi akishika njia ya zaidi ya kilomita 50 hata kufika mjini, naye tangu alipotoka nia yake ni Dar es Salaam. Huyu wa Nungwi ni msafiri, na jirani yake siye. Na akiwapo wa tatu, wa mjini Unguja, ambaye Dar es Salaam kwake ni mahali pa kupita tu na makusudio yake ni Morogoro, huyo naye ni msafiri tangu mwanzo wa mwendo wake. Viti ni vile vile na nauli ni moja. Walichotofautiana ni mahali walipotoka na mahali walipopakusudia.

Vivyo hivyo katika mwanzo wa safari. Msafiri hawi msafiri kwa kukata tiketi, wala kwa kufunga mizigo, bali kwa kuyapita majengo ya mji wake. Kiwanja cha Unguja kiko Kisauni, na nyumba zimefuatana toka mjini hata huko. Basi mkazi wa mji aliyekaa katika chumba cha kungojea, akikusudia Mombasa au Nairobi, hajawa msafiri bado. Adhuhuri ikiingia naye angali pale, aisali nne. Mkazi wa Changamwe katika kiwanja cha Mombasa ni kama yeye. Na katika Ramadhani, aliyepambazukiwa akiwa amefunga kwao, kisha akapanda ndege ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hafungui siku hiyo kwa sababu ya safari. Wengi wameteleza hapa, wakanywa maji mara ndege ilipoinuka. Tena kufunga ni bora kwa msafiri asiyedhurika, na kupunguza sala ni bora pale tu masafa yanapofika marhala tatu. Mombasa na Nairobi zimeupita mpaka huo kwa mbali.

Yamebaki mambo mawili yaliyo nje ya kuhesabu kilomita, nayo huenda yakawa mazito zaidi.

La kwanza ni mashaka yenyewe, kwamba je, kweli yameondoka? Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa safari ni kipande cha adhabu, kwa kuwa humzuilia mtu usingizi wake na chakula chake na kinywaji chake, na kwamba akimaliza haja yake na afanye haraka kurejea kwa watu wake. Wa leo husema: katika ndege hulala, hula, hunywa, adhabu iko wapi? Imam al-Haramayn al-Juwayni, aliyefariki mwaka 478 wa Hijra, yaani 1085, alipokaa kusomesha mahali pa baba yake, naye angali kijana, husimuliwa kuwa aliulizwa kwa nini safari ikawa kipande cha adhabu. Akajibu papo hapo, bila ya kutaja njaa wala kiu, kwamba ni kwa sababu ndani yake mna kufarikiana na wapenzi.

Jawabu hili la kijana lingali hai. Ndege imeondoa kiu ya Taru, lakini kufarikiana haikukuondoa, na pengine imekuzidisha. Zamani aliyekwenda bara au Uarabuni alijua kuwa hatarudi ila msimu ugeuke. Akalipa madeni, akaandika wasia, akawaomba radhi wazee, na akirudi alirudi akakaa. Leo mtu wa Mombasa aliyehamia Nairobi husema, "Ni saa moja tu, nitakwenda wakati wowote." Na huo wakati wowote haupati siku yake. Mama yu Kibokoni, macho yamekuwa mazito, kila Ijumaa husikia ndege zikipita juu ya paa. Na mwana hajaonekana mwaka wa tatu. Lau baina yao pangekuwa na mwendo wa majuma mawili, angekuwa na udhuru, na mama angejiliwaza na udhuru huo. Saa moja imemwondolea mwana udhuru wake, na yeye amedhani kuwa imemwondolea wajibu. Mwenye kuhesabu kilomita 420 ili apunguze rakaa mbili, na azihesabu pia siku ile anapotakiwa kuunga jamaa.

La pili ni nia ya safari. Katika madhehebu ya Shafi, mwenye kuasi kwa safari yake hana rukhsa. Na mfano wake katika vitabu, uliokaribu mno na hali za watu wa leo, ni mdaiwa ambaye deni lake limewadia, naye ana cha kulipa, kisha akasafiri bila ya idhini ya mwenye haki. Mtu huyo hutoka alfajiri ili asikutane na mdai mlangoni. Simu amezizima. Saa mbili yuko Nairobi, na mdai angali kizingitini pake Mombasa. Ndege imempeleka kilomita zote 420, hapana hata moja iliyopungua, na marhala zimetimia na kuzidi mara nne. Lakini hapunguzi rakaa wala hafungui saumu, mpaka atubie, na njia iliyobaki baada ya toba yake iwe ni masafa ya safari. Kasi ile ile iliyomkimbiza mdai haikumkimbiza katika hukumu. Na hata msafiri wa halali, rukhsa yake ni katika ibada baina yake na Mola wake. Mshahara wa kibarua, amana za watu na ahadi alizozitoa havipungui nusu kwa kuwa yeye yuko angani.

Ama kurejea, hukumu yake ni nyepesi kuifahamu. Aliyekaa Nairobi siku mbili kwa haja yake, kisha akapanda ndege ya jioni na kunuia kuichelewesha Magharibi aisali pamoja na Isha, amefanya lililo jaizi, maadamu amenuia hivyo kabla wakati wa Magharibi haujamtoka. Lakini ndege ni ya saa moja, na huenda akafika mjini kwake kabla hajasali. Akiyaingia majengo ya kwao safari yake imekwisha: Magharibi aliyoichelewesha huwa ni kadhaa isiyo na dhambi, naye ataisali rakaa tatu kama ilivyo siku zote, na Isha ataisali nne.